Besi ya Mstari wa Tatu

Nilijifunza kurekodi muziki kwa sababu ya chuki. Wengine huanza kwa kipaji, wengine kwa upweke. Mimi nilianza mchana mmoja mjini Homa Bay, nikiwa hotelini mbele ya sahani ya samaki na ugali, nikisubiri ofisi ya ardhi ifunguliwe baada ya chakula cha mchana, wakati televisheni iliyotundikwa ukutani ilipoanza kuimba wimbo wa baba yangu.

Kwaya ilivaa zambarau. Ilisimama juu ya mawe kando ya ziwa, kama kwaya zote za siku hizi, ikiyumba kushoto na kulia. Niliutambua wimbo kabla ya mstari wa kwanza kwisha, nikaendelea kula, kwa kuwa nilidhani wameuimba kwa heshima ya marehemu na kwamba jina lake litatokea. Mwishoni maandishi yakapita: aliyetunga maneno, aliyetunga muziki, aliyefundisha kwaya. Sehemu zote tatu zilikuwa na jina moja, na halikuwa la baba. Lilikuwa la mwalimu wa kwaya ile.

Samaki alinishinda kuanzia hapo.

Mwalimu huyo ninamjua. Baba alipofariki, alikuja nyumbani kwetu Sindo siku chache kabla ya mazishi, akamwomba mama daftari la nyimbo ili aifundishe kwaya yake wimbo mmoja wa kumsindikiza mzee. Mama akampa. Waliimba vizuri, sikatai, na mimi nililia kama watu wengine. Daftari lilirudi baada ya miezi miwili, limefungwa kwa gazeti, kingo zake zimenyooshwa, na mama akamsifu kwa muda mrefu kuwa ni mtu anayejua kurudisha vitu vya watu. Sasa nilijua alikuwa akifanya nini nalo miezi hiyo miwili.

Nilimpigia simu nikiwa bado kwenye ngazi za ofisi ya ardhi. Alinisalimu kwa furaha, akauliza habari za Migori ninakoishi, akauliza kama mahindi yamefanya vizuri mwaka huu. Nilipoutaja wimbo, sauti yake ilipanda mimbarini.

"Ndugu yangu," alisema, "nyimbo ni za Bwana. Sisi ni mabomba tu ya kupitishia maji."

Nikasema ndiyo, ni kweli, nikamtakia siku njema. Jibu lilinijia dakika kumi baadaye, nikiwa mbele ya karani, naye akaniuliza kwa nini ninamkodolea macho vile. Kama sisi sote ni mabomba, mbona kwenye video limeandikwa jina la bomba moja?

Kama ingekuwa aibu yangu peke yangu, ningeandika makala kali, watu kumi na wawili wakaisoma, mambo yakaisha. Lakini kulikuwa na mama. Sisi ni Wasabato, na kila mwaka tuna makambi, juma zima la mahubiri na nyimbo. Huko, kabla kwaya haijaimba, mtangazaji husimama na kusoma jina la wimbo na jina la mtunzi. Mama amepita miaka themanini. Huketi mstari wa mbele kwa sababu ya masikio yake, na hasahau jina lililotajwa. Angeketi pale, kitambaa chake cheupe kichwani, asikie wimbo wa mumewe ukipewa mwanamume mwingine kwa kipaza sauti. Hilo nilikuwa tayari kulizuia kwa njia yoyote ambayo haikuhitaji ujasiri.

Ndipo nikapata wazo la kurekodi. Ningeuimba wimbo kama baba alivyoutaka, sauti zote nne, kinanda chini yake, na jina lake likitamkwa mwanzo na mwisho. Kisha ningeusambaza katika kila kundi la simu la Wasabato kuanzia Isebania hadi Sindo. Mwalimu akija kuzindua albamu yake, kama maandishi ya video yalivyotangaza, kila mtu awe amekwisha kumsikia mwenyewe halisi. Nilikuwa na wiki sita kabla ya uzinduzi huo. Niliwahi kuandika insha ndefu kuhusu msamaha, na wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza bado wanaifanyia mtihani. Wiki hizo sita sikuikumbuka hata mara moja.

Kifaa changu kilikuwa kishikwambi cha chuo. Neno hilo ninalifundisha darasani, lakini sijamsikia mtu yeyote Migori akilitamka. Hapa ni tableti tu. Tulipewa za kufundishia kwa mtandao. Ili kupata nafasi, nilifuta mihadhara ya miaka miwili, na hakuna mwanafunzi aliyelalamika. Kisha nikaanza kupakua programu. Moja ilikuwa kinanda cha kanisa. Ya pili ilihesabu mapigo, tak-tak-tak, bila huruma. Ya tatu ilirekodi sauti nyingi, kila sauti katika njia yake, ili uweze kuizima moja na kuziacha nyingine. Ya nne ilisafisha kelele. Kila moja ilikuwa hodari, na hakuna iliyokuwa tayari kuongea na mwenzake. Ukifungua kinanda, kirekodi kinalala. Ukiamsha kirekodi, kinanda kinanyamaza. Siku nne nilibonyeza na kulaani, hadi nikagundua kuwa kuna programu ya tano ambayo haina sauti yake yenyewe, kazi yake ni kubeba sauti ya programu hii na kuipeleka katika ile. Ni kama tarishi wa ofisi za kaunti anayezunguka na faili. Akichoka yeye, jengo zima limefungwa, na huyu wangu alichoka kila baada ya dakika tatu, kwa sababu tableti ilikuwa ya zamani na wimbo ulikuwa wa dakika nne.

Nikajifunza kurekodi kwa vipande. Nikajifunza kwamba ukibonyeza kinanda, sauti inakuja kwa kuchelewa kidogo, kama mshiriki aliyesinzia akasema amina peke yake, na kwamba dawa yake ni kurekodi kinanda kwanza, kukifunga kabisa, kisha kuimba juu yake.

Kulikuwa pia na jirani. Nyumba yetu Migori imepakana na fundi wa kuchomelea mageti, na ng'ambo ya barabara kuna posho mill, mashine ya kusaga mahindi. Mchana kutwa hakuna maiki inayoweza kusikia kitu kingine. Lakini tableti ina betri, na fundi hana. Kwa hiyo stima ilipopotea, mtaa mzima ukilalamika, mimi nilikimbia chumbani, nikafungua kabati la nguo, nikaingiza kichwa kati ya makoti, na kuimba. Sijui mtu mwingine Migori aliyewahi kuomba stima ikatike. Stima ilisikia maombi yangu mara nyingi.

Mke wangu ni Mkatoliki, Mkuria wa Isebania, na hana subira na vita vya Wasabato. Hata hivyo, alipokwenda kumwona dada yake aliniletea adapta ya kuunganishia maiki, maana Migori nilikuwa nimeikosa. Aliiweka mezani karibu na chai yangu. "Shika silaha yako, Bwana Studio," akasema.

Siku ya Sabato sikugusa tableti. Kuanzia Ijumaa jua linapotua hadi Jumamosi jua linapotua, hakuna kazi. Nilikagua amri yenyewe kwa makini nikaona imetaja ng'ombe, punda na mtumishi, ila haikusema lolote kuhusu kukaa kitini na kupanga jinsi ya kumfedhehesha mwalimu wa kwaya.

Sasa niseme kuhusu besi, kwa maana kila kitu kiliishia hapo.

Wimbo wa baba uliandikwa kwa solfa, herufi za do, re, mi zilizopangwa kwa safu nne, kama tunavyofunza kwaya zetu zote. Baba alikuwa na mwandiko mkubwa unaokimbia nje ya mistari, na waimbaji wake walilalamika. Nilipokuwa kidato cha pili alinipa kazi ya kuunakili katika daftari safi. Niliunakili kwa majivuno, jina lake juu kwa herufi kubwa. Mwisho wa mstari wa tatu, ambapo besi ilipaswa kushuka kwenye do, nikaandika la. Jicho langu liliruka safu. Nilikuja kuligundua kosa hilo miaka mingi baadaye, chuo kikuu, katika somo la muziki nililolichukua kwa sababu halikuwa na mtihani wa kuandika. Sikumwambia baba. Kila makambi nilisikia kwaya yake ikiimba la yangu, nami nikatazama viatu.

Kwa hiyo katika rekodi yangu nililisahihisha. Niliimba do, nene, imara. Nilijiona ninalipiza kisasi maradufu, kwa mwalimu wa Homa Bay na kwa yule mwanafunzi wa kidato cha pili.

Sauti ya tenori niliimba mwenyewe, kwa shida, shati likiwa wazi hadi kifuani. Alto aliimba mke wangu akikata sukuma wiki, mara moja tu, bila kosa, jambo ambalo halikunifurahisha. Soprano ndiyo ilikuwa tatizo. Kulikuwa na programu ya kupandisha sauti, nami nikaipandisha yangu hadi ikafika huko juu. Mke wangu alisikiliza, kisu kikiwa hewani.

"Huyu mwanamke ni nani," aliuliza, "na amekanyagwa na nini?"

Nikaenda Sindo.

Mama ndiye aliyeimba soprano katika kwaya ya baba maisha yake yote. Nilimkalisha sebuleni, nikafunga madirisha, nikatoa kuku nje, nikamvisha hedifoni juu ya kitambaa chake. Nilikuwa nimemweleza kwa simu kwamba natengeneza kumbukumbu ya mzee. Habari ya video sikumwambia. Aliposikia kinanda na sauti yangu zikitoka ndani ya kichwa chake, alifumba macho. Kisha akaimba. Sauti ilikuwa imepungua, ilitetemeka kwenye noti ndefu, lakini ilijua njia. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwisho wa mstari wa tatu akasimama, akavua hedifoni.

"Nyathina, hapa umeharibu," alisema. Nyathina maana yake ni mwanangu, naye huniita hivyo akiwa na upole au akiwa karibu kunichapa.

Nilimweleza kwa Kijaluo, kwa subira ya msomi, kwamba sijaharibu, nimesahihisha. Nikamwambia habari ya jicho lililoruka safu. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili, nikikiri kosa la kidato cha pili mbele ya mama.

Akacheka hadi akakohoa. "Unafikiri baba yako hakuona? Aliona siku ile ile ya kwanza. Kwaya iliimba kama ulivyoandika, akainua mkono awasimamishe, mkono ukabaki juu. Akasema, rudieni. Wakarudia. Akasema, acheni hivyo hivyo, mtoto ameuona wimbo kuliko mimi."

"Mbona hakuniambia?"

"Angekuambia, ungeringa."

Nilitoka nje kidogo kuwatazama kuku. Niliporudi, nilikuwa nimekwisha kuacha kuwa mtoto wa mtu na nimerudi kuwa adui wa mtu. Nilikuwa nimekumbuka televisheni ya hotelini. Spika yake ilikuwa ndogo kama ya redio ya mkononi. Besi yote ilikuwa imepotea humo. Nikaitafuta video ya kwaya ile kwenye tableti, nikavaa hedifoni, nikasikiliza mwisho wa mstari wa tatu. La. Nene, wazi, wanaume kumi kwa pamoja wakiimba kosa langu. Mtu aliyesema ametunga muziki ule alikuwa ametunga hadi jicho langu lililoruka.

Na mimi nilikuwa nimetumia wiki tatu kuufuta ushahidi.

Nilirekodi besi upya pale pale sebuleni, kwa la, na mama akamalizia soprano yake. Nilipotaka kuifunga programu niliona kwamba kirekodi hakikuwa kimesimama tangu mwanzo. Kilikuwa kimechukua kila kitu: kuku, kikohozi, maneno yote ya mama kuhusu mkono ulioinuliwa. Kwa mara ya kwanza tarishi wangu hakuwa amechoka.

Mpango ukabadilika. Sikusambaza wimbo. Nilisubiri uzinduzi wa albamu, uliofanyika Jumapili katika ukumbi mmoja Homa Bay, wiki moja kabla ya makambi. Mama alisisitiza kuja baada ya mke wangu, aliyechoka kubeba siri yangu, kumweleza yote kwa simu. Siku hiyo mama alivaa vazi lake la makambi.

Katika uzinduzi wa kwaya zetu kuna sehemu ambapo mwalimu husimulia historia ya kila wimbo, ulipatikanaje, ulipatikana wapi. Mwalimu wetu alisimulia kwa ufasaha. Wimbo wa baba, alisema, alipewa asubuhi moja akitembea kando ya ziwa akiwa na mzigo moyoni. Aliniona, akaniinamia kidogo, akamwambia kila mtu kwamba ndugu yetu kutoka Migori ni mtoto wa mzee aliyemlea katika uimbaji. Kisha akakaribisha maswali. Watu wengi walikuwa wameinua simu wakirekodi, na mimi niliweka tableti magotini, programu zote tano zikiwa wazi na taa nyekundu ikiwaka.

Niliinua mkono. Nilisimama kwa unyenyekevu ambao bado ninauonea fahari. "Mwalimu," nilisema, "mwisho wa mstari wa tatu mtu anatarajia besi irudi do. Wewe umeipeleka la. Ulikuwa unafikiria nini?"

Angeweza kusema hajui. Mtu mwaminifu hajui mambo mengi. Lakini ukumbi ulikuwa umejaa na mgeni wa heshima alikuwa anaandika.

"Swali zuri sana hilo," alisema. "Hapo nilikaa siku tatu, nikifunga na kuomba. Nilitaka kuonyesha roho inayofika mlangoni pa nyumbani, inashika kitasa, halafu inakuta mlango haujafunguliwa bado. Ndipo nikapewa la."

Ukumbi ukasema amina. Ndani ya koti nilikuwa na lile daftari alilokaa nalo miezi miwili. Nilianza kulitoa, na mkono ukanishika koti kwa nyuma.

"Kaa," mama alisema polepole. "Usimvue nguo mbele ya watoto anaowafundisha."

Nikakaa. Nilikuwa na hasira naye pia kwa muda huo. Lakini kumbuka kwamba mama alisema mbele ya watoto. Hakusema nyuma yao.

Jumatatu asubuhi stima ilipotea Migori, nami nikaingia kabatini, safari hii si kuimba, kupanga tu. Njia ya kwanza: mwalimu, siku tatu, kufunga, kitasa, mlango, amina ya ukumbi. Kisha kimya, nilichokipima kwa programu ya mapigo, mapigo manne kamili. Njia ya pili: mama, mkono uliobaki juu, mtoto ameuona wimbo kuliko mimi. Kisha wimbo wenyewe. Nilipofika mstari wa tatu nilizima sauti zote, nikaiacha besi itembee peke yake hadi kwenye la. Nikasafisha kelele, nikaacha kuku mmoja kwa sababu alikuwa na wakati mzuri. Nikapiga picha ya ukurasa wa daftari, mwandiko wangu wa kidato cha pili na jina la baba juu. Nikamtumia mwalimu peke yake, bila salamu.

Alama za kuonyesha amesikiliza zilitokea baada ya dakika tano. Simu ilikuja saa sita mchana. Hakuuliza habari za mahindi.

"Ndugu, unataka nini?"

"Jina la baba. Kwenye video, na makambini."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Nilimsikia akipumua. "Na hiki kitu, umewatumia wengine?"

Nilikunywa chai yangu hadi nusu kabla ya kujibu. "Bado," nilisema. Nimesoma vitabu vingi na kuandika maneno mengi, na sijawahi kutamka neno tamu kama lile.

Makambini mtangazaji alisimama, akasoma jina la wimbo, kisha akasoma jina la baba, majina yake yote matatu, polepole, kwa kipaza sauti. Mama alirekebisha kitambaa chake. Basi. Hakunigeukia wala hakulia. Kwaya ikaimba, na mwisho wa mstari wa tatu wanaume wale kumi wakashuka kwenye la, na safari hii sikutazama viatu. Mwalimu alikuwa ametugeuzia mgongo akiongoza, na niliona shingo yake tu.

Video nayo ilibadilishwa. Jina la baba lipo mwishoni, peke yake, kwa herufi kubwa. Chini yake mwalimu ameongeza mstari ambao sikumwomba: Besi ya mstari wa tatu, kosa la mwanawe. Sasa nikipita Homa Bay waimbaji huniita Bwana Kosa, na hata karani wa ofisi ya ardhi ameanza. Lazima nikubali kwamba lilikuwa pigo safi.

Mke wangu anasema nifute lile faili, yamekwisha, sisi ni Wakristo. Namwambia tableti bado ina nafasi. Chuo kimeniuliza mara mbili kuhusu mihadhara yangu, nami nimesema naitayarisha upya. Stima inapopotea mchana, fundi akizima mashine yake, mimi hufungua programu zote tano, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu unaotakiwa, na kumsikiliza mwalimu akifika mlangoni na kushika kitasa. Hapo ndipo huwa nazima.